Damu ikishafika kisiginoni, nani huipandisha?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni kinyozi hapa Morogoro, nina miaka 41. Nasimama tangu saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, na nikikaa ni kwa ajili ya chakula tu. Jioni miguu inakuwa mizito, soksi zinaacha alama, na mguu wa kushoto, upande wa ndani kuanzia chini ya goti, mishipa imetokeza kama kamba iliyojikunja. Asubuhi uvimbe unakuwa umeisha. Moyo kusukuma damu kwenda chini naelewa. Kinachoirudisha juu ndicho sielewi. Mteja mmoja ananiambia nikafanyiwe hijama damu chafu iliyolala miguuni itoke. Mwingine anasema kisa ni sakafu baridi. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, ndugu. Swali lako la katikati ndilo lililobeba mengine yote, kwa hiyo nitaanza nalo kabla ya kuja kwenye mguu wenyewe.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma lita 5 hivi za damu kila dakika, na lita hizo 5 lazima zirudi ndani ya dakika hiyo hiyo. Hapa hakuna kukopeshana. Zikipungua mililita 50 tu kwa dakika, yaani asilimia 1, baada ya dakika 10 nusu lita nzima imekwama njiani na moyo unaanza kukosa cha kusukuma. Kwa hiyo vena, mishipa inayorudisha damu, si mitaro ya kupitishia mabaki. Ukiikagua damu yote mwilini wakati wowote utakuta karibu theluthi mbili yake imo ndani ya vena. Ndizo njia na ndizo ghala.

Damu ikitoka moyoni huingia kwenye ateri ikiwa na shinikizo la wastani la milimita 95 hivi za zebaki, kipimo kile kile cha presha. Ikipita kwenye ateri ndogo kabisa, kisha kwenye vimishipa vyembamba zaidi, kapilari, nguvu nyingi huishia humo kwa msuguano, hasa kwenye hizo ateri ndogo. Inapoanza kuingia kwenye vena imebakiwa na milimita 15 au pungufu, wakati chumba cha juu cha kulia cha moyo, kule inakoelekea, kina kati ya 0 na 5. Hiyo tofauti ya 10 hivi yaonekana haba, lakini vena ni pana na hazikatalii damu kupita. Kwa mtu aliyelala chali inatosha kabisa. Hahitaji kitu kingine.

Matata huanza akisimama. Kutoka usawa wa moyo hadi kifundo cha mguu ni sentimita 120 hivi, na safu ya damu ya urefu huo hukandamiza chini kwa milimita 90 za zebaki. Hapo ndipo wengi hujikwaa, hata waliosoma baiolojia: nguvu ya 15 inapandishaje mzigo wa 90? Jibu ni kwamba haiupandishi. Umewaona mafundi ujenzi wakipima usawa kwa mpira wa maji? Maji ya upande mmoja hayahitaji kusukumwa yapande, kwa sababu uzito wa maji ya upande wa pili unayainua. Mguu wako una mipira miwili ya namna hiyo iliyoungana chini: ateri inayoshuka na vena inayopanda. Milimita 90 zinazoongezeka ndani ya vena ya kifundo zimeongezeka vile vile ndani ya ateri ya kifundo. Zinafutana, na ile tofauti ndogo ya mwanzo inabaki pale pale ikiendelea na kazi.

Basi kama uzito unafutana, mbona miguu inavimba? Kwa sababu mpira wa fundi hautanuki, na vena hutanuka. Ateri ina ukuta mnene wenye misuli. Ukiiongezea 90 haishtuki. Vena ina ukuta mwembamba, na ukiijaza kwa shinikizo hilo inapanuka. Mtu akisimama wima, ndani ya dakika chache damu ya nusu lita hivi, wakati mwingine zaidi, huhama kifuani na kukaa kwenye vena za miguu na za chini ya tumbo. Haijasimama, inaendelea kupita, ila njia imekuwa pana na inabeba akiba kubwa kuliko kawaida. Wakati huo huo shinikizo la kapilari za mguu nalo linapanda, na maji ya damu yanachujwa kupita kuta zake kwenda kwenye nyama. Alama ya soksi unayoiona saa mbili usiku ni maji hayo. Si damu.

Mwili una pampu ya kulizuia hilo, nayo iko kwenye shavu la mguu. Misuli miwili mikubwa ya hapo imefungwa ndani ya ala ngumu isiyotanuka, na katikati yake, hasa ndani ya msuli wa chini unaoitwa soleo, kuna mifuko mipana ya vena. Ukikanyaga, uzito wako unakamua kwanza vena za wayo. Kisigino kinapoinuka, shavu linakaza, shinikizo ndani yake linaweza kupita milimita 200, na mifuko ile inakamuliwa juu kama unavyolikamua chujio la nazi. Kila mkazo mzuri hutoa zaidi ya nusu ya damu iliyokuwamo. Kisha msuli unalegea, vena za ndani zinabaki karibu tupu, na damu ya vena zilizo chini ya ngozi inavutwa kuingia humo kupitia vena fupi za kupenya.

Matokeo yake yamepimwa kwa sindano iliyowekwa kwenye vena ya juu ya wayo. Mtu aliyesimama tuli ana 80 hadi 90. Akitembea hatua kumi hivi shinikizo linashuka chini ya 30. Akisimama tuli tena, vena zenye afya huchukua zaidi ya sekunde 20 kujaa upya, kwa sababu zinajazwa polepole na damu inayotoka kwenye kapilari, si kwa damu inayoporomoka kutoka juu. Nambari hiyo ya sekunde 20 ikumbuke, nitaihitaji mbele. Na uone kitu kimoja: kazi yako haikuumizi kwa kusimama. Inakuumiza kwa kusimama tuli. Mchuuzi anayezunguka na karanga mjini anaweza kuwa miguuni saa zile zile kumi na mbili na jioni viatu vyake bado vinamwenea.

Pampu bila vilango haifai kitu. Ingekamua juu na chini sawasawa. Ndani ya vena za mguu kuna vali, kila moja ikiwa na vijani viwili vyembamba vinavyoelekea juu. Damu ikipanda vinalala ukutani, ikitaka kurudi vinajaa na kukutana katikati. Vena ndefu iliyo chini ya ngozi, inayotoka upande wa ndani wa kifundo hadi kinenani, huwa na vali kati ya 10 na 20, nyingi zikiwa chini ya goti ambako mzigo ni mkubwa. Ile vena kuu ya tumboni inayofikisha damu moyoni haina vali za namna hii.

Aliyeueleza ulimwengu vali hizi zinafanya nini ni Mwingereza William Harvey, mwaka 1628. Mwalimu wake wa Padua, Fabricius, alikuwa amezichora na kuzichapisha mwaka 1603, lakini alidhani kazi yake ni kupunguza kasi ya damu inayoshuka isijae miguuni. Harvey aliujaribu mkono tu, na wewe unaweza kurudia jaribio lake sasa hivi. Ning'iniza mkono chini hadi vena zitokeze, au mwombe mtu akubane juu ya kiwiko bila kukaza sana. Chagua vena moja iliyonyooka kwenye kigasha. Weka kidole kimoja upande wa kiganja na ubonyeze hapo hapo usiachie. Kwa kidole cha pili ikamue vena kuelekea kiwiko, sentimita 6 au 7, kisha ondoa kidole hicho cha pili. Sehemu iliyokamuliwa inabaki tupu, na damu ya juu imeishia kwenye kivimbe kidogo: hiyo ndiyo vali. Jaribu kuisukuma damu hiyo irudi chini, itagoma. Achia kidole cha kwanza, vena inajaa papo hapo kutoka chini. Kama vena uliyochagua inajaa kutoka juu, umepita sehemu isiyo na vali, sogea kidogo.

Wasaidizi wengine wa pampu ya mguu wanastahili maneno machache. Ukivuta pumzi, kiwambo kinachotenga kifua na tumbo kinashuka: kifuani shinikizo linapungua, tumboni linaongezeka, na damu ya vena za tumboni inasukumwa kwenda moyoni. Ile ya mguuni hungoja kidogo hadi utoe pumzi. Ndiyo maana kujikamua chooni, au kuinua ndoo huku umezuia pumzi, huongeza shinikizo hadi kwenye vena za paja, na mwenye choo kigumu kila siku anazitesa vali zake bila kujua. Moyo wenyewe nao huvuta kidogo kila unapopiga. Tena kuna neva: mtu akisimama, ndani ya sekunde chache zinabana vena, hasa za tumboni, ili ghala litoe akiba. Kwa wazee, wenye kisukari cha miaka mingi na baadhi ya wanaotumia dawa za presha neva hizo hujibu kwa uvivu, ndiyo kizunguzungu cha kuamka kitandani. Hata kijana mzima huzidiwa akisimama tuli juani bila maji, kama wanafunzi wanavyoanguka mstarini asubuhi. Aliyeanguka hivyo alazwe na miguu iinuliwe. Wanaomshika kwapani ili abaki wima wanaurudisha mzigo ule ule uliomwangusha.

Sasa mguu wako wa kushoto. Kutokana na maelezo yako, vali za vena ile ndefu ya chini ya ngozi, au za tawi lake, zinavuja. Mara nyingi mambo yanakwenda hivi: vali moja, aghalabu iliyo kinenani, inashindwa kufunga kwa sababu ukuta umetanuka na vijani havifikiani tena. Mzigo wake unaiangukia ya chini yake, nayo inatanuka, kisha inayofuata. Shavu la mguu linapolegea, damu inaporomoka kutoka juu, na vena zinajaa upya kabla ya sekunde 20 kufika. Hata ukitembea, shinikizo halishuki hadi 30. Vena ya chini ya ngozi haina msuli wa kuiegemeza, kwa hiyo inarefuka, na kitu kinachorefuka mahali pasipo nafasi hujikunja. Kurithi kuna sehemu kubwa (ulizia miguu ya mama na baba), pamoja na umri, uzito, mimba kwa wanawake, na saa za kusimama tuli.

Ukiuacha, mguu wa namna hii huenda polepole. Uvimbe wa jioni unakuwa wa mchana, kisha ngozi ya juu ya kifundo, upande wa ndani, inageuka kahawia kwa madini ya chuma ya chembe za damu zilizovuja, inawasha, inakauka na kuwa ngumu. Mwisho mkwaruzo mdogo hapo unakuwa kidonda kisichopona kwa miezi. Wewe uko mwanzoni mwa njia hii, ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Hijama acha, angalau kwenye mguu huo. Damu ya vena ni nyeusi-nyekundu kwa sababu imegawa sehemu ya oksijeni yake, si kwa uchafu. Kwa mtu aliyepumzika bado imebaki na kama asilimia 70 hadi 75. Itakuwa nyekundu tena ikipita mapafuni, muda si mrefu. Tena haikulala mguuni, kama ulivyoona. Hijama inatoa damu ya ngozi, vali zinabaki zinavuja, na wewe unabaki na chale kwenye ngozi ambayo ndiyo inayopona vibaya kuliko zote mwilini. Sakafu baridi haina kosa: baridi hubana vena na joto huzipanua. Utaona mwenyewe miezi ya joto miguu ikizidi.

Kazini, kila ukimaliza kichwa kimoja kabla ya kumkaribisha anayefuata, shika kiti na inua visigino mara 20. Panda hadi kwenye vidole kabisa, shuka hadi chini kabisa. Kunyanyuka nusu hakukamui. Kama kichwa kinachukua zaidi ya nusu saa, fanya mara 10 katikati. Ukisimama, badilisha mguu, mmoja ukae juu ya kigoda kifupi. Kuna mafundi wanaonyoa wakiwa wamekalia stuli ndefu yenye magurudumu; ni nzuri mradi ukingo wake haukati nyuma ya paja.

Ukifika nyumbani, lala chali na uinue miguu ukutani au juu ya mito kwa dakika 15, visigino vikiwa juu ya kiwango cha kifua. Miguu juu ya meza ukiwa umekaa kwenye kochi inasaidia kidogo tu, kwa sababu moyo bado uko juu yake. Kitanda chenyewe unaweza kukiinua upande wa miguuni kwa sentimita 10 hadi 15, kimo cha tofali lililolazwa. Usifanye hivyo kama ukilala bapa unakosa pumzi. Hilo ni jambo la moyo na linatakiwa kuonwa upesi.

Soksi za kubana ndizo zitakazokusaidia zaidi, na ndizo watu hukosea zaidi. Tafuta zenye shinikizo la milimita 20 hadi 30 za zebaki, zinazoishia chini ya goti. Pima asubuhi kabla uvimbe haujaanza: mzingo wa kifundo mahali pembamba, mzingo wa shavu mahali panene, na urefu kutoka sakafuni hadi mkunjo wa goti. Zivae kabla hujashuka kitandani, zivue unapolala. Zinabana zaidi kifundoni na kulegea kadiri zinavyopanda. Ukiukunja ukingo wa juu kwa kuwa ni mrefu, umetengeneza kamba ya kufunga mguu na umeharibu kila kitu. Kosa hilo hilo hufanywa na wanaotumia bendeji ya mpira wakianzia kifundoni na kukaza kuelekea juu. Bendeji huanzia kwenye shina la vidole, na hulegea ikipanda. Kabla ya yote, mhudumu wa afya akupapase mapigo ya ateri juu ya wayo. Mwenye kisukari, mvuta sigara, au mtu ambaye shavu humuuma kila akitembea umbali fulani asivae soksi hizi kabla ateri zake hazijapimwa.

Kipimo chenyewe cha vena ni ultrasaundi ya Dopla, na kifanyike ukiwa umesimama, maana ukilala damu haiporomoki na vali mbovu inaweza kuonekana nzima. Damu ikirudi chini kwa zaidi ya nusu sekunde baada ya shavu kubanwa na kuachiwa, vali inavuja. Hapo mtazungumzia kuifunga vena hiyo kwa joto, kwa sindano ya povu, au kuitoa. Usiogope kwamba damu itakosa njia. Karibu asilimia 90 ya damu ya mguu hupanda kwa vena za ndani, na hii ya nje imeshakuwa mzigo kwao.

Wakati huo huo hakikisha daktari hakosei chanzo. Uvimbe wa miguu yote miwili usioisha asubuhi unaweza kuwa wa moyo, figo au ini. Mguu mmoja unaokua mgumu miezi kwa miezi, huku kwetu ukanda wa pwani na karibu yake, lazima ufikiriwe matende. Kama unatumia amlodipini kwa presha, sema. Inavimbisha vifundo kwa kupanua vimishipa vinavyoingiza damu kwenye kapilari, bila vena kuwa na kosa lolote, na dawa inaweza kubadilishwa. Usiiache mwenyewe.

Mambo mawili hayangojei miadi. Mguu mmoja ukivimba ghafla, shavu likauma na kuwa la moto, hasa baada ya safari ndefu ya basi au kulazwa, huenda bonge la damu limeganda kwenye vena ya ndani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usiukande wala kuusugua. Ukiongezeka upungufu wa pumzi au maumivu ya kifua, ni dharura ya dakika hiyo, kwa kuwa bonge linaweza kuwa limefika mapafuni. La pili ni mshipa ule uliojikunja kama kamba ukichubuka na kuchuruza damu. Inatisha, inatoka nyingi kwa sababu ya zile milimita 90, lakini ukilala chini na kuinua mguu juu ya kifua shinikizo linaisha karibu lote. Bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Usifunge kamba juu ya goti: itabana vena na kuacha ateri ikiendelea kumwaga.

Kwa wiki moja kabla ya kwenda kliniki, pima mzingo wa vifundo vyote viwili kwa tepu ya fundi cherehani, asubuhi ukiamka na usiku ukifunga saluni, mahali pale pale palipowekwa alama ya kalamu. Bonyeza pia muundi wa mguu kwa kidole gumba sekunde 10 uone kama panabaki shimo. Andika yote pamoja na majina ya dawa unazotumia, uende na karatasi hiyo. Itamwambia daktari mengi kuliko mguu utakaoonyeshwa saa tatu asubuhi, ukiwa tayari umeshuka.